Manamba, Mpingo na Rangi: Historia ya Sanaa ya George Lilanga

Kata ya Mahongole, katika mji wa Makambako mkoani Njombe, haitajwi katika vitabu vya sanaa. Ndugu msomaji anaweza kujiuliza kwa nini makala inayomhusu mchoraji wa Kimakonde, mzaliwa wa kusini kabisa mwa nchi, ianzie kwenye baridi ya Ubena. Tunaanzia huko kwa makusudi. Kada anayezungumza na vijana wa Mahongole juu ya utamaduni hawezi kuyakwepa maswali mawili. La kwanza ni hili: je, utamaduni ni ngoma inayochezwa mgeni anapofika, kisha ngozi za ngoma zikarudishwa stoo? La pili ni gumu zaidi. Kijana ameona picha ambayo ndani yake mtu ana masikio kama majani ya mgomba, tumbo kama mtungi na vidole viwili vya mguu, na haelewi kichwa cha huyu kinaishia wapi na mkono wa yule unaanzia wapi. Anauliza: hii ni sanaa ya nani? Ya wakulima na wafanyakazi, au ya mabwanyenye waliokwisha kushiba na kuanza kucheza?

Tumezoea kulijibu swali hili haraka mno. Wako waliosema kwamba sanaa ya wananchi lazima ionyeshe mtu kama alivyo: jembe mkononi, jasho usoni, jua linachomoza nyuma yake; na kwamba kila kisichofanana na kitu kinachojulikana ni kasumba iliyotoka Ulaya. Wako pia waliosema kinyume chake, kwamba picha hizo ni ushetani wa kale ambao taifa linaloendelea halina budi kuuacha. Makundi haya mawili yanapingana, lakini yana kosa moja kwa pamoja: yote yanaitazama picha bila kutazama historia ya watu walioitoa. Tuitazame basi historia hiyo.

MANAMBA

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba Njombe na Umakonde, ingawa zimetengana kwa mamia ya kilomita, zilikutanishwa na adui mmoja. Adui huyo ni mkonge. Zao hili lililetwa na Wajerumani mwaka 1893, nalo lilihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu na mashamba. Mkoloni hakutaka kulipa ujira ambao ungewavuta watu kwa hiari. Njia aliyoitumia ilikuwa kodi: sehemu fulani za nchi ziliachwa bila zao la biashara na bila barabara ya maana, ili mwanamume asiwe na mahali pa kupata shilingi ya kodi isipokuwa kwa kuondoka nyumbani. Njombe ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo. Wabena na majirani zao walikwenda Tanga na Morogoro kwa mkataba, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ili kazi hiyo ya kuvuna watu ifanyike kwa utaratibu. Mtu alipewa namba, na namba ikawa jina lake: manamba.

Kutoka upande wa pili, ng'ambo ya mto Ruvuma, walikuja Wamakonde wa Msumbiji. Hao walikimbia kazi ya shuruti ya Wareno, kodi na viboko. Walivuka mto kwa makundi tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakaingia mashamba ya mkonge ya Lindi na Mtwara, na wengine wakaenda mbali zaidi, hadi Tanga na Dar es Salaam. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na vita vya ukombozi vilivyoanzishwa na FRELIMO mwaka 1964, wimbi hilo likaongezeka.

Mmakonde hakuja mikono mitupu. Alikuja na tezo. Kwao kuchonga kulikuwa kazi ya jamii: vinyago vya kuvaa usoni katika jando vilichongwa kwa mti mwepesi, vikachanjwa chale zilezile walizochanjwa watu, na vya kike vikatiwa ndonya kwenye mdomo wa juu. Aliyevaa kinyago hakuwa tena fulani mwana wa fulani. Alikuwa mzuka uliorudi kutoka kwa wafu kuwatisha na kuwafunza vijana. Tuzingatie hapa kwamba kinyago cha namna hiyo hakikukusudiwa kufanana na uso wa mtu. Kilikusudiwa kuzidisha: jicho zaidi ya jicho, mdomo zaidi ya mdomo.

Mpingo ulikuja baadaye, pamoja na mnunuzi. Mzungu, mmisionari na mwenye shamba walitaka kitu kizito, cheusi, kisichooza ndani ya sanduku la meli. Kwa hiyo mchongaji, ambaye mchana alikata majani ya mkonge kwa ujira mdogo, jioni alichonga mpingo kwa ajili ya soko. Hapo ndipo sanaa mpya ya Kimakonde ilipozaliwa, na anayeihubiri kama sanaa safi ya mababu isiyoguswa na dunia anapoteza ukweli. Ilizaliwa katika maisha ya vibarua waliong'olewa kwao, na ilizaliwa ikiwa na bei.

SANAA ISIYONAKILI

Miaka ya 1950 wachongaji wengi walikuwa wamejikusanya Dar es Salaam, wakimuuzia miongoni mwa wengine mfanyabiashara Mohamed Peera. Inasimuliwa kwamba mchongaji mmoja, Samaki Likankoa, alikuwa na kinyago ambacho mkono wake ulivunjika. Badala ya kukitupa alikigeuza, akakifuata mti ulivyotaka, kikawa kiumbe kisicho mtu wala mnyama. Mnunuzi akakipenda, akataka vingine. Kutoka hapo ukaja mtindo unaoitwa shetani. Karibu na wakati huohuo Roberto Yakobo Sangwani alikuwa anachonga watu waliopandana kuzunguka gogo moja, wakimbeba mwenzao juu. Wamakonde waliuita mtindo huo dimoongo, nao umetokana na mshindi wa mieleka anayebebwa na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ukaitwa ujamaa, na jina hilo ndilo lililoshika. Tuseme kweli: mchongo ulikuwepo kabla ya Azimio. Ni siasa iliyokuja kujitambua ndani ya gogo la mpingo, na si gogo lililochongwa kwa amri ya siasa. Baadaye tena ukatokea mtindo wa mawingu, ambao ndani yake mtu ametoweka kabisa, na kilichobaki ni mikunjo na matundu yanayopitisha mwanga.

Hii ndiyo inayoitwa sanaa dhahania, yaani sanaa isiyonakili kitu kama jicho linavyokiona, bali inayotwaa mstari, uzito na nafasi tupu, na kuvipanga kwa kufuata fikra. Vitabu vya Ulaya hufundisha kwamba sanaa hiyo ilivumbuliwa Paris na miji mingine ya huko mwanzoni mwa karne ya 20. Tusikatae kwamba Paris ilifanya kazi kubwa. Lakini ilifanya kazi hiyo kwa mtaji gani? Mwaka 1907 Pablo Picasso, akiwa anahangaika na picha yake kubwa ya wanawake watano, aliingia katika makumbusho ya Trocadéro na kukuta humo vinyago vya Afrika. Vilikuwa vimefika huko kwa njia ileile iliyotumiwa na pembe za ndovu. Mwaka mmoja kabla yake, 1906, Mjerumani Karl Weule wa Leipzig alikuwa anatembea Masasi, Newala na nyanda za Makonde akikusanya vinyago na vifaa vya nyumbani kwa ajili ya makumbusho ya mji wake. Aliwapa watu karatasi na penseli pia, wakachora, akazichukua picha hizo akazichapisha nchini mwake. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijamalizika. Mwaka uliotangulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ilikuwa imeshambuliwa na wapiganaji. Na sasa, huku wanajeshi wa Kijerumani wakichoma mashamba ya kusini na njaa ikiingia, mtaalamu anahesabu vinyago.

Hatusemi kwamba Picasso aliviona vinyago vya Makonde. Aliyoyaona yalitoka zaidi magharibi na katikati ya bara. Tunachosema ni kwamba kijana wa Mahongole anapoambiwa kuwa picha isiyonakili ni ya Wazungu, anaambiwa mali iliyochukuliwa kwake ni ya aliyeichukua.

LILANGA

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, kusini mwa Tanzania, akajifunza kuchonga kwa namna ya watu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuja Dar es Salaam, kama walivyokuja maelfu ya wengine, kutafuta riziki. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alikuwa ameanzisha Nyumba ya Sanaa, mahali pa vijana wasio na kazi kujifunza na kuuza kazi zao, na Augustino Malaba, mjomba wa Lilanga, alikuwa mmoja wa wasanii wa hapo. Inasimuliwa kwamba Lilanga aliingia kwanza kama mlinzi wa usiku. Mchana alionyesha vinyago vyake. Haukupita muda mrefu akawa hana haja ya kulinda mlango.

Hapo Nyumba ya Sanaa alikutana na vifaa ambavyo Mmakonde hakuvirithi: batiki, wino, ngozi ya mbuzi, mabati ya kutengenezea vizuizi vya ngazi, na ubao mgumu wa kiwandani pamoja na rangi ya mafuta inayong'aa. Ubao huo na rangi hiyo vilikuwa vimekwisha kuonyeshwa njia na mtu mwingine, Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, ambaye naye, tukumbuke, miaka ya 1950 alikwenda kufanya kazi katika mkonge wa Tanga. Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akauawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alifanya kazi kwa miaka minne tu, na mtindo unaoitwa kwa jina lake haujafa.

Lakini Lilanga hakumfuata Tingatinga. Tingatinga alimweka mnyama mmoja au wawili katikati ya ubao, nyuma kukiwa na rangi tulivu. Lilanga aliujaza ubao mpaka ukingoni. Hapa tunaomba msomaji atulie nasi kidogo, maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Mchongaji wa dimoongo ana gogo moja tu. Hawezi kuongeza mti. Anaweza tu kupunguza. Kwa hiyo mtu wa kwanza anapochukua nafasi, wa pili lazima akae katika nafasi iliyoachwa na kiwiko cha wa kwanza, na wa tatu apite chini ya goti la wa pili. Hakuna mahali pa bure. Kila mwili unapata umbo lake kutokana na mwili wa jirani. Lilanga aliichukua kanuni hiyo ya gogo akaihamishia kwenye ubao bapa, ambako hapakuwa na sababu yoyote ya lazima ya kuifuata. Ubao una nafasi tele. Yeye aliufanya kana kwamba ni mpingo. Viumbe wake wanafungamana, ulimi wa huyu unakutana na sikio la yule, na mahali palipobaki kati yao panajazwa nukta na mistari hadi jicho halioni tena lipi ni umbo na lipi ni pengo. Hakuna upeo wa macho, hakuna kivuli, hakuna mbali na karibu. Kwa njia hii picha inakuwa dhahania kabisa ukiitazama kutoka hatua kumi, rangi juu ya rangi. Na ukisogea, unakuta mama anapika, mlevi anayumba, mtu anachomwa sindano, watu wanagombania kitu, wengine wanacheza ngoma.

Je, hao ni mashetani? Wanunuzi wa ng'ambo walipenda kusema hivyo, kwa kuwa shetani wa Kiafrika anauzika. Tukiwatazama vizuri, ni majirani wa uswahilini. Wana ubinafsi na ukarimu, wana njaa, wanasengenya, wanasaidiana. Mara nyingi aliziandikia picha zake majina marefu ya Kiswahili, kama maneno ya mtu anayesimulia kisa barazani. Kilichotoka katika kinyago cha jando ni ile desturi ya kuzidisha: sikio kubwa kwa sababu mtu huyu anasikiliza mambo ya watu, tumbo kubwa kwa sababu huyu anakula peke yake. Tunadiriki kusema kwamba hii ni sanaa ya kukosoa, na inakosoa bila hotuba.

Mlinganisho mmoja utasaidia. Sam Ntiro, aliyesoma Makerere na baadaye London, na ambaye mwaka 1961 alikuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza, alichora wanavijiji wa Kilimanjaro wakifanya kazi kwa pamoja. Mada yake ni ya kijamaa kuliko ya Lilanga. Kada yeyote angeichagua kwa haraka zaidi kutundika ofisini. Hatuidharau hata kidogo. Lakini katika picha ya Ntiro ushirikiano unasimuliwa, na katika picha ya Lilanga ushirikiano ndio unaoishikilia picha yenyewe: ukimwondoa mtu mmoja, wenzake watatu wanapoteza umbo. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi kwa miaka mingi tuliifumbia macho, kwa kuwa tulifundishwa kuuliza picha inahusu nini na hatukufundishwa kuuliza imejengwaje.

NANI MWENYE PICHA?

Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza kwamba mkoloni alikuwa amewafanya Waafrika waamini hawana utamaduni wao. Lengo lilikuwa sahihi. Utekelezaji wake ulikwenda kwa mguu mmoja. Ngoma ilipewa vikundi, majukwaa na safari. Uchongaji ulitazamwa zaidi kama bidhaa ya kuleta fedha za kigeni. Uchoraji ulibaki mtoto wa kambo. Sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa ilikuja mwaka 1984, na sheria ya hakimiliki tunayoitumia ilipitishwa mwaka 1999. Katika muda wote huo ni nyumba iliyoanzishwa na mtawa mgeni iliyompa Lilanga ubao na rangi. Hatuna budi kujikosoa katika hili.

Matokeo yake yanaonekana. Mwaka 1978 kazi za Lilanga zilionyeshwa Washington. Baadaye ziliingia katika mkusanyo wa Jean Pigozzi huko Geneva, mrithi wa utajiri uliotokana na kiwanda cha magari cha Simca, ambaye alianza kununua sanaa ya Afrika baada ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1989. Uzeeni Lilanga alidhoofishwa na kisukari, akaendelea kuchora akisaidiwa na vijana wa karakana yake. Alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005. Siku hiyo kazi zake zilikuwa zikionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika yaliyozunguka Düsseldorf, London na miji mingine.

Hatumlaumu Lilanga kwa kuuza. Mchongaji wa Kimakonde aliuza tangu kambi ya mkonge, angekula nini? Wala hatusemi picha zote zirudishwe, maana ziliuzwa kwa hiari, tofauti na vinyago vya Weule vilivyokusanywa chini ya kivuli cha bunduki. Lakini tuone mfanano uliopo. Mkonge uliondoka kama singa, ukarudi kama kamba yenye bei ya mwenye kiwanda. Picha iliondoka kwa bei ya ubao na rangi na siku chache za kazi, na inapouzwa tena kwa mnada huko nje, anayepokea bei ni anayeuza. Hakimiliki ya msanii hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Lilanga ina maana haki za kunakili kazi zake zinaendelea hadi mwaka 2055. Hilo ni jambo la kufuatiliwa na kudaiwa, na halidaiwi na mtu asiyejua kwamba lipo. Mjukuu wake, Hendrick Lilanga, anachora, mtindo umerithiwa. Lakini mwanafunzi wa Mahongole anayetaka kuona picha ya Lilanga, iliyo halisi, ukubwa wake na mng'aro wake, hana mahali karibu pa kuiona. Jumba la taifa la picha hatuna.

Tusimdanganye pia kwamba dawa ni kuiga masikio makubwa. Akichora mashetani ya Kimakonde, Mbena huyo atakuwa amenakili, na kunakili ndiko Lilanga alikokataa. Nyanda za juu kusini zina hazina yake ya maumbo. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu bila gurudumu la mfinyanzi, wakavipamba, na vyungu hivyo husafiri mbali kupanda milimani. Vikapu vya milulu vya Iringa vina hesabu ya mistari ambayo msukaji anaijua kwa vidole. Nani amekaa na msukaji akamuuliza kwa nini mstari mweusi unarudi baada ya idadi hii na si ile? Swali alilolijibu Lilanga kuhusu gogo ndilo hilo, isipokuwa hapa ni kuhusu milulu na udongo. Rangi ya mafuta inapatikana Makambako kwa kopo, na ubao pia. Mafundi wa mabango ya maduka na maandishi ya malori kando ya barabara kuu ya Zambia huvitumia kila siku.

Kwa darasa la Mahongole tunapendekeza kazi moja ya kuanzia. Wako, pengine wachache sana sasa, wazee wa Ubena waliokwenda mkonge wakiwa vijana; na wako watoto wao waliosimuliwa. Watafutwe. Waulizwe jirani yao kambini alikuwa wa kabila gani, na jioni, baada ya mita za majani kuhesabiwa na kipande kutiwa alama, alikuwa anafanya nini. Kama alichonga, alichonga mti gani, kwa chombo gani, na alimuuzia nani. Na kama mzee mwenyewe aliwahi kushika tezo lile.